Mke Wangu Alilifuata Gitaa, Si Mimi

(Msomaji huyu ameomba asijulikane, nasi tumemkubalia. Maneno ni yake mwenyewe.)

Wasomaji wa ukurasa huu, habari zenu. Mimi ni mwanaume wa miaka arobaini na moja, nina mke na watoto, na napiga gitaa la besi katika bendi ya kiwanda kimoja cha kuchambua pamba hapa Shinyanga. Kazi niliyoajiriwa kuifanya ni ufundi wa mashine, na nyumba ninayokaa ni ya kiwanda. Jina langu lifungieni huko huko ofisini, maana wapumbavu nitakaowataja wanasoma gazeti hili, ingawa sina hakika kama wanalielewa.

Kwa wasiojua, magitaa ya besi yanayotamba siku hizi ni ya aina mbili. Kuna la zamani, lenye shingo nene na sumaku moja tu ya kunasa sauti chini ya nyuzi, sauti yake nzito inatembea ardhini kama ngoma kubwa. Halafu kuna hili jingine, shingo nyembamba, sumaku mbili, vitufe vya kuzungusha, na sauti laini inayopendeza sana ukiwa umekaa ukumbini na soda yako. Mimi nimepiga lile nene tangu sijaoa. Hilo jingine naliita gitaa la kinyozi.

Mwaka jana tukaletewa kiongozi mpya wa bendi kutoka Pwani. Bwana yule viatu vyake vinang'aa kuliko akili zake. Siku ya kwanza alilishika gitaa langu kwa ncha za vidole kama mtu aliyeokota panya mfu.

"Mzee, hili ni gogo," akasema. "Mjini wameshaliacha zamani."

Akanikabidhi lenye sumaku mbili na kuniambia nichague: nilipige hilo, au nirudi kwenye mashine zangu akatafute mpigaji mwingine. La kwangu, akasema, linapelekwa Mwanza kutengenezwa. Nikalichukua la kinyozi. Bila besi mimi ni mtu wa grisi tu.

Baada ya mavuno ya pamba tukaalikwa Kishapu kushindana na bendi ya Kagongwa. Mashindano ya kwetu Usukumani hayana jaji. Pande mbili zinapiga kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja, na watu wanakwenda wanakopenda. Atakayebaki na watu wachache ameshindwa, na atachekwa mpaka msimu ujao. Kiongozi alipoelezwa akacheka kwa dharau.

"Wote mpige pamoja? Hiyo ni fujo, si muziki."

Basi tukapiga. Jua kali, vumbi, jenereta inanguruma, na sauti ya gitaa la kinyozi inatoka kwenye spika na kufa hapo hapo miguuni pa watu wa mbele. Ng'ambo besi ilikuwa inagonga vifua. Nikachungulia nimwone mpigaji. Nikamwona mchimba dhahabu wa zamani wa Bugarama, wenzake wanamwita Sururu, mtu mwenye vidole ambavyo hata kifungo cha shati vinakihangaikia! Anajua noti nne, na mojawapo huipata kwa bahati. Debe tupu haliachi kuvuma, nikajisemea, lakini watu walikuwa wameshaanza kuhama.

Mke wangu alikuwa kwa mama yake huko huko Kishapu. Akatokea nyuma ya watu wetu na dada zake, wamevaa khanga za sare. Moyo ukatulia. Mke wa mpiga besi akija kucheza mbele ya mumewe, hata waliohama hurudi. Lakini hakunyanyua uso. Alisimama kidogo, akatega sikio, akaenda zake ng'ambo na dada zake nyuma. Waliomfahamu wakapiga yowe: "Hata mkewe kamkimbia!" Baada ya hapo tulikuwa tunawapigia mbuzi. Na kiongozi wetu, yule msomi wa mjini, akasema tumerogwa.

Jioni nilimsubiri njiani.

"Mama Shija, umenivua nguo mbele ya Kishapu nzima."

"Baba Shija, mimi si nilikuwa nakufuata wewe?" akasema. "Nimesikia besi yako kule, nikadhani imesharudi kutoka Mwanza, nikajua uko kule. Ningekuonaje na vumbi lile? Nimefika mbele, mayu, mama yangu, namkuta yule mtu. Nikaona aibu kurudi. Lakini gitaa ni lako. Lina ile alama uliyoiunguza na sigara."

Ilikuwa kweli. Gitaa langu halikuwahi kuiona Mwanza. Kiongozi alilibadilisha na watu wa Kagongwa kwa tarumbeta lenye kutu.

Sasa mwenye bendi ya Kagongwa ananitaka. Nikikubali, Sururu atapumzishwa na mimi nitapiga gitaa langu, ila niache kiwanda na nyumba, na mshahara wenyewe ni wa kubahatisha. Mke wangu anasema twende. Ningekwenda hata leo, lakini kuna jambo moja linanizuia. Maisha yangu yote nimewacheka wapigaji wa mkoa huu nikisema muziki ni mkono, gitaa ni mbao tu. Nikamuuliza mke wangu, mwanamke asiyejua kusema uongo, kama kweli hakusikia tofauti yoyote.

"Niliisikia," akasema. "Niliona siku ile umepiga vizuri kuliko siku zote."

Nikienda Kagongwa nitalipata gitaa langu, na kila nikilipiga nitakuwa namwangalia mke wangu usoni nijue anamsikia nani. Nikibaki nina nyumba na gitaa la kinyozi, ambalo angalau nikilipiga hakuna anayenidhania kuwa Sururu. Wasiojua besi wasijisumbue kuniandikia. Ninyi wenye masikio, nishaurini: nishike lipi?