Simu ya Redio na Moduli za Binti Yangu

Binti yangu wa kwanza anaandika programu za kompyuta. Mtaani wanamwita Injinia, nusu sifa nusu kejeli, maana tangu amalize chuo hajapata kazi, isipokuwa hii ya majaribio kwenye stoo ya dawa. Mwenye stoo alimwambia wazi: programu ya kuhesabu dawa iwake leo, la sivyo asirudi.

Mchana nikamwona anaingia, begi analiburuta.

"Imekataa, mama."

"Jana si ilikubali hapa mezani?"

"Hapa tunatumia mfumo wa Linux, kule wana Windows. Moduli nilizobeba kwenye flashi hazielewani na mashine yao."

Moduli, alivyowahi kunieleza, ni vipande vya programu vilivyotengenezwa na watu wengine, na vingine kila mfumo wa kompyuta una vyake. Stoo haina intaneti, kwa hiyo huvipakua nyumbani.

"Kumbe ni kama nguo, kila mwili na..."

"Mama, usianze na nguo."

Nikaenda kuchukua simu.

Intaneti ya nyumba hii ni simu yangu. Niliiweka dirishani panaponasa mtandao, akaanza kupakua upya. Kistari cha upakuaji kikatambaa kama konokono aliyefiwa. Kilipofika katikati, simu ikaita. Dada yangu, yule tunayemwita Redio. Na simu yangu ni kuukuu: mtu akipiga, intaneti inakatika.

"Mamaa!"

"Sijapokea mimi!"

"Ikiita tu imeshakata!"

Akaanza tena. Redio naye akapiga tena. Huyo usipopokea anadhani umekufa.

"Mwambie asipige."

"Nikimwambia hivyo atapiga kuuliza kwa nini."

"Basi nimzuie namba."

"Umzuie mama yako mkubwa? Akijua, ukoo mzima utaitwa kikaoni."

Akaegemeza kichwa kwenye meza. Sipendi kumwona hivyo. Nilikuwa nimefua tangu asubuhi, miguu inawaka moto, lakini nilivaa ndala, simu nikaiacha dirishani, nikaenda kwa Redio.

"Mbona hupokei simu?" Redio akanipokea mlangoni.

"Nimekuja mwenyewe."

"Haya kaa, una haraka gani?"

Akaanza na goti lake, akaenda kwa mwenye nyumba wake, akarudi kwenye goti. Nikaitikia "mh," "ehe," jicho liko barabarani. Chai ikapoa mkononi. Mara Injinia akapita mbio, flashi inaning'inia shingoni.

"Unamtazama nani?"

"Hakuna. Goti likafanyaje?"

Jioni nyumbani nilimkuta Injinia amekaa kizingitini, viatu kavua. Niliogopa kuuliza, nikauliza.

"Imekubali?"

"Ya stoo imekubali. Amesema niendelee kuja."

"Mungu mkubwa!"

"Ila anataka na kompyuta yake ya ofisini iwe nayo. Ile ni Mac, mfumo mwingine tena. Kesho asubuhi napakua upya."

Nikajibwaga kando yake. Mabega yakagusana.

"Basi nitawahi kwa Redio," nikasema. "Goti hajalimaliza."