Bega la Kushoto la Dada Geuza

Ninachotaka kuwaeleza hamtakiamini, na siwalaumu. Mimi mwenyewe nilikuwepo, hatua nne kutoka kwenye wavu wa ulingo, nimekumbatia ndoo ya barafu, na bado asubuhi nyingine nikiamka najiuliza kama ni kweli mpwa wangu, mhudumu wa wodi ya wanaume, alimshinda bingwa ambaye kwa miaka mitano hakuna mwanamke aliyemweza. Klabu imeniomba niandike maisha yake kwenye kijitabu chao. Waliniomba mimi kwa sababu katika ukoo wetu mwenye maneno ni mimi. Shule niliishia darasa la sita, kwa makubaliano kati ya mwalimu na mwalimu mkuu, mimi sikuulizwa.

Haya, tuanze naye. Ni mtoto wa tatu wa dada yangu, mfupi, mabega mapana, mkimya. Utotoni hakuwa mgomvi hata kidogo. Alikuwa akiogopa kuku. Alipomaliza shule akapata kazi hospitali. Si nesi wala si daktari. Yeye ndiye anayebadilisha mashuka, anayemwaga vyombo, na zaidi ya yote anayegeuza wagonjwa, maana mtu aliyelala bila kujiweza asipogeuzwa kila baada ya saa mbili mgongo unafanya vidonda. Wodi ile ina watu wa kilo tisini, wengine mia na kumi. Yeye ana hamsini na sita, tena akiwa ameshiba.

Nimemwona akifanya. Hatumii nguvu. Anasimama upande mmoja wa kitanda, analikunja goti la mgonjwa la upande wa mbali, anauvusha mkono wake kifuani, anaweka kiganja kimoja nyuma ya bega na kingine nyuma ya nyonga. "Tunageuka, baba," anasema, kisha anaurudisha mwili wake nyuma taratibu kama anayevuta kiti. Lijitu zima linageuka kama ukurasa wa gazeti. Ndiyo maana wagonjwa humwita Dada Geuza.

Aliyempeleka klabu ni rafiki yake, fundi cherehani mwembamba tunayemwita Sindano. Kibanda cha Sindano kinatazamana na changu. Mimi ni fundi wa kufuli, nachonga na funguo. Sindano alikuwa akifanya mazoezi ya ule mchezo wa ngumi, mateke na mieleka kwa pamoja, akakosa mwenzake wa kushikana naye. Miaka sita walishikana. Sindano hakuwahi kupigana mbele ya watu, macho yake mabovu, lakini kila pambano aliloshinda mpwa wangu, huyo ndiye aliyemwandaa. Mimi nilijipa cheo cha ndoo. Katika kona ya mpiganaji kuna kocha, kuna msaidizi, kuna mwenye ndoo, na mwenye ndoo ndiye anayeonekana zaidi kwenye picha.

Miezi miwili kabla ya siku yenyewe mgonjwa mmoja aliteleza akitoka bafuni, Dada Geuza akamdaka kwa mkono mmoja. Mgonjwa akapona, bega la kushoto likateguka. Likarudishwa mahali pake, lakini likabaki na uchungu wake. Kocha alifunga mlango wa klabu, akatutazama mmoja mmoja. "Nje ya hospitali tunaolijua bega hili ni wanne. Mwenyewe, mimi, Sindano, na mjomba. Mjomba, umenisikia?" Nikamwambia mimi ni fundi kufuli, asinifundishe kufunga.

Kisha ikaja simu. Mpinzani wa bingwa alikuwa ameugua, zimebaki siku tisa, je, kuna msichana yeyote wa kujaza nafasi? Bingwa mwenyewe aliitwa Dakika, kwa sababu wengi waliopigana naye hawakumaliza ya kwanza. Dada Geuza aliomba ruhusa kazini ya siku mbili. Aliandika kwenye fomu: shughuli za kifamilia.

Sasa nakuja pale ambapo uso sijui niuweke wapi.

Siku moja kabla ya pambano ilikuwa siku ya kupima uzito. Ukumbini nilimwona Dakika akipasha misuli moto. Alipiga teke begi la mazoezi na mnyororo ukatoa sauti ambayo mimi, mtu wa vyuma, naijua: sauti ya pingili inayotaka kuachia. Nikamwona mtoto wa dada yangu amelala kwenye wodi yake mwenyewe, anageuzwa na wengine. Basi nikajiambia, hapa panataka mtu mzima. Nikanunua soda, nikamfuata bingwa kwenye korido, amekaa peke yake kwenye benchi, amejifunika taulo.

"Shikamoo, baba," akasema, akainuka. Hiyo heshima ndiyo iliyoniponza.

"Marahaba, mwanangu. Mimi ni mjomba wa yule binti wa kesho."

"Karibu, baba."

"Sikuja kwa ubaya. Nakuomba kama mzazi. Mpige, chukua ushindi wako, hiyo ni kazi yako. Ila lile bega lake uliache. Liliteguka akimdaka mgonjwa. Ana kazi ya watu yule."

Akanywa soda kidogo. "Bega lipi, baba?"

"La kushoto."

"La kushoto," akarudia, kwa upole kabisa. "Nimekusikia."

Nikatoka pale nimevimba kama andazi. Nilijiona mpatanishi. Njia nzima nilikuwa nikitabasamu peke yangu, nikisema kumbe dunia ina watoto wenye adabu.

Kesho yake ukumbi ulijaa watu elfu kumi. Sawa, elfu mbili, lakini kelele zilikuwa za elfu kumi. Mashabiki wa Dakika walikuwa wamepata habari ya kazi ya mpwa wangu, wakawa wanaimba "Mashuka, mashuka," huku wakipunga taulo nyeupe. Yeye aliingia ametazama chini. Kengele ikalia, na Dakika, mwanamke maarufu kwa mateke, hakupiga teke hata moja. Alikwenda moja kwa moja kwenye mkono wa kushoto. Akaushika, akauzungusha, akauvuta nyuma. Nilimsikia mpwa wangu akitoa sauti ambayo hakuwahi kuitoa hata alipokuwa akikimbizwa na kuku. Nikaikumbatia ndoo, barafu ikawa inalia kama karanga kwenye kikaango.

Aliponyoka, sijui kwa vipi, raundi ikaisha. Sindano akakimbia kuleta maji, kocha akapiga magoti mbele ya mpwa wangu, akalikanda bega, kisha akageuka kwangu.

"Amelijuaje?"

Mimi nilikuwa nimeinama ndani ya ndoo natafuta barafu, ingawa ilikuwa imejaa.

"Watu wana wapelelezi siku hizi," nikasema.

"Tulikuwa wanne."

Hapo ndipo ningeweza kusema. Nilikuwa na nafasi na pumzi ya kutosha. Badala yake mdomo wangu ukasema: "Sindano ana binamu yake anafua nguo kambi ya Dakika."

Ni kweli alikuwa naye. Ndiyo ubaya wa uongo wangu, nilitumia ukweli kuujenga. Kocha akarudi kulikanda bega. Mpwa wangu alikuwa anapumua kwa mdomo, akanitazama, nikamwekea barafu shingoni ili atazame kwingine.

Raundi ya pili ilikuwa mkono ule ule. Ya tatu Dakika alimwangusha chali, akamlalia kwa ubavu, akaanza kuutafuta tena. Kocha alishakamata taulo la kusalimisha pambano. Na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa naomba alirushe, si kwa ajili ya bega tu. Niliwaza likiisha haraka hakuna atakayeuliza maswali.

Ndipo nikaona mguu wa mpwa wangu unaingia nyuma ya goti la Dakika, lile la upande wa mbali, na kulikunja. Mkono mzima, wa kulia, ukauvusha mkono wa bingwa kifuani. Kiganja kikaenda nyuma ya bega. Paja likashika nyonga. Watu wote ukumbini hawakujua wanachokitazama. Mimi nilijua, nimekiona wodini mara kumi. Akaurudisha mwili wake nyuma, taratibu, bila haraka yoyote, na yule bingwa wa miaka mitano akageuka. Akalala kifudifudi, na mpwa wangu yuko mgongoni, mkono wa kulia umezunguka shingo. Kabali ile haikuhitaji bega la kushoto. Dakika aligonga mkeka mara tatu.

Kelele zilikatika kama umeme. Kisha zikarudi kutoka upande wetu. Mkanda ukaletwa, nikasimama nao kwenye picha, nimeshika ndoo, natabasamu. Picha hiyo ipo, ukurasa wa kwanza wa kijitabu hiki. Mkiitazama vizuri mtaona macho yangu hayako kwenye kamera.

Jumatatu kocha alimwambia Sindano asikanyage tena klabu. Hakumweleza sababu, alisema tu ajiulize mwenyewe. Dada Geuza alimtetea, lakini naye moyoni likambaki swali, maana Sindano hakuwa na la kujibu. Mtu atajibu nini asichokijua?

Wiki tatu nilikaa kibandani kwangu nikitazamana na cherehani ile. Mchana kutwa inalia, na mimi nasaga funguo kwa nguvu nisiisikie. Alasiri nakwenda kwa mpwa wangu kumwekea barafu kwenye bega nililoliuza kwa soda moja, tena soda niliinunua mimi. Siku moja zipu ya suruali yangu iliharibika. Sindano akaivuka barabara mwenyewe, akaichukua, akairudisha imeshonwa. Akasimama pale, akavua miwani, akaifuta.

"Mjomba, wewe kocha anakusikiliza. Niulizie tu nimekosa nini. Nikijua nitaomba radhi."

Nilifunga kibanda, nikaenda hospitali.

Ilikuwa saa ya kutazama wagonjwa. Dada Geuza alikuwa kitanda cha nne, na mzee mmoja mkubwa kama kabati. "Afadhali umekuja," akasema. "Bega linanisumbua. Shika shuka upande huo. Moja, mbili, tatu." Tukamgeuza mzee nusu, uzito wake wote uko mikononi mwetu, na mimi nikaona kama sitasema sasa, sitasema tena.

"Ni mimi niliyemwambia Dakika."

Hakuinua kichwa. "Shika shuka, mjomba. Usimwachie mtu."

"Nilimwomba akuhurumie bega. Nilidhani nakusaidia. Halafu nikamsingizia Sindano."

"Mto huo. Weka nyuma ya mgongo wake. Chini kidogo."

Nikaweka. Akamnyoosha mzee miguu, akamfunika, akaosha mikono kwenye sinki, muda mrefu. Mzee alikuwa ametukodolea macho. "Mimi sijasikia kitu," akasema, ingawa hakuna aliyemuuliza.

Aliporudi, mpwa wangu alinena chini kwa chini, kama wanavyozungumza wodini. "La kunihurumia nimekusamehe. Wewe ni mwoga, na ulinipenda, hivyo vyote navijua tangu zamani. La Sindano si langu kusamehe. Mchukue, nenda naye klabu, ukaseme mbele yake na mbele ya kocha. Saa kumi nitawakuta huko."

Nikamchukua Sindano. Sikumweleza kitu. Yeye alidhani nimemwombea msamaha. Alibeba glavu zake kwenye mfuko, na njia nzima alikuwa ananishukuru. "Mjomba, Mungu akuzidishie. Nilijua wewe huwezi kuniacha." Nimetembea njia nyingi ndefu, ile ni robo saa tu.

Yaliyofuata niyaseme mapema: kocha alinyoosha mkono, nikampa ndoo, akampa Sindano. Ndiye anayeishika mpaka leo. Mimi pambano lililopita nilikaa safu ya tisa, nyuma ya mtu mwenye kofia. Sindano ananisalimia asubuhi, neno moja tu, kisha anainamia cherehani yake.

Nilitaka kuishia hapo, ila Dada Geuza ametoa sharti kwamba namna nilivyosema klabu iandikwe yote, na ataisoma kabla haijachapwa. Ndiyo huyu ametoka zamu, amesimama nyuma ya kiti changu na sare yake, anasoma kila neno kabla wino haujakauka. Haya. Watu ishirini walikuwa mazoezini. Sikuyumba. Nilipita katikati ya mkeka, kifua mbele, nikasimama wima, nikasema kwa sauti iliyotikisa madirisha kwamba aliyetoa siri ya bega ni mimi na Sindano hana kosa lolote, kisha nikamgeukia Sindano mwenyewe, nikamtazama machoni bila kupepesa, nikam

"Mjomba. Ulikuwa mlangoni, kiatu kimoja mkononi. Na ulikiambia kiatu."