Mtungi wa Chumba cha Nyuma

Bibi yangu alikuwa hasemi na wifi yake kwa sababu ya mtungi. Nyumba zao Ibra zimetenganishwa na ukuta mmoja na mkunazi mmoja, lakini tangu kabla sijazaliwa hawakuwahi kunywa kahawa pamoja. Siku ya Idi Bibi alipeleka sahani ya halua kwa mkono wa mjukuu, na sahani ikarudi na tende kwa mkono wa mjukuu mwengine. Wenyewe hawakukutana ila msibani, na msibani hakuna anayetakiwa kusema sana.

Kisa chenyewe ni kifupi. Baba mkwe wa Bibi aliondoka Ibra kijana, akaishi na kufa Unguja. Kabla ya kufa aliwaambia watoto wake kwamba katika nyumba ya udongo ya wazee wake, huku Oman, kumezikwa fedha ndani ya mtungi. Binti yake, ndiye huyo wifi, alitangulia kuja huku kuolewa na jamaa aliyekuwa akikaa na mama yake katika nyumba hiyo, na walipohama funguo zikawa kwake. Babu na Bibi walifika miaka mingi baadaye, wamepoteza kila walichokuwa nacho, na jambo la mwanzo walilofanya ni kwenda kwenye nyumba ile. Katika chumba cha nyuma, kidogo, kisicho na dirisha, wakakuta mdomo wa mtungi umezikwa sawasawa na sakafu. Mtungi mtupu. Wifi akasema ule ulikuwa wa asali ya tende. Akacheka wakati anasema. Bibi akaona ameibiwa na kuchekwa kwa mara moja.

"Asali ya tende huwekwa mekoni," alikuwa akinambia kila mara. "Haizikwi kama maiti."

Mimi nilionyeshwa mtungi ule nikiwa mdogo, kama watoto wa watu wengine wanavyoonyeshwa kaburi la babu. Hapa ndipo palipoibiwa.

Ninafanya kazi katika duka la dawa, na nikitoka kazini hukusanya hadithi za hazina. Hakuna aliyenifunza. Nilijifunza kurekodi kwa simu, kuuliza swali fupi na kunyamaza, na kutoamini hadithi mpaka niisikie kwa watu wawili wasio ndugu. Najua ni kazi isiyo na faida. Vilevile najua kwamba naiendesha kwa woga: kabla ya kumpigia simu mtu nisiyemjua huandika kwanza kila neno nitakalosema, nikikosea jina la kijiji silali, na rekodi nzuri nimezifuta kwa sababu sauti yangu ilisikika ya kitoto. Watu wa nyumbani wanadhani napenda mambo ya kale. Ukweli ni kwamba nilianza ili nimpatie Bibi ushahidi. Nilitaka kumletea hadithi moja iliyonyooka, ya mtungi uliochimbwa na aliyeuchukua akajulikana, ili iwepo mfano.

Nilipata nyingi ambazo hazikunyooka. Sur, fundi wa kushona nguo alinieleza sanduku lililofichwa chini ya kaburi lisilokuwa na maiti. Al Kamil, mwenye duka karibu na kituo cha petroli aliniapia kwamba ami yake alifukua mtungi mzima wa dhahabu, lakini akasema "Alhamdulillahi" kabla ya kuutoa, nao ukageuka makaa, kwa kuwa mchimbaji hatakiwi kufungua mdomo. Kwenye vilima vya njia ya Nizwa kuna marundo meusi ya mavi ya shaba, takataka za wayeyushaji wa zamani, na watu wa huko wanasema machimbo yenyewe yapo karibu. Mchunga mbuzi huingia siku moja, akirudi na wenziwe haoni mlango. Na kila mji una mtungi wake: umezikwa na babu aliyesafiri, unalindwa na jini, unataka kuchinjiwa mbuzi mweusi. Nikaanza kuona kwamba mtungi wa Nizwa na mtungi wa Jaalan ni mtungi mmoja unaohama. Ya kwetu tu ndiyo sikuipitisha kwenye kanuni yangu ya watu wawili. Ilikuwa ya kwetu.

Majira ya baridi yaliyopita wifi yake Bibi alizidiwa na figo. Hospitali wakamrudisha nyumbani, na maneno waliyotumia yalikuwa ya upole mno. Ami yangu akamwendea Bibi, akamwambia, "Mama, nenda ukamwone."

"Nimempelekea supu."

"Supu haisemi, Mama."

"Na yeye aseme kwanza alichofanya."

Wiki ile nilikuwa na miadi Nizwa na muuza mapambo ya fedha kuukuu sokoni. Nilizunguka kwa Bidbid, kwa kuwa ile njia fupi siijui na naogopa kupotea. Muuza fedha hakuja. Ili nisirudi mikono mitupu nikakata tiketi ya kuingia ngomeni, nikapita vyumba kimoja kimoja pamoja na watalii, mpaka nikainama mlangoni mwa chumba kidogo kisichokuwa na dirisha.

Sakafu yake ilikuwa na matuta membamba, yamelala sambamba kama mistari ya kiganja, na mifereji kati yake ikiteremkia pembeni. Pembeni palikuwa na mdomo wa mtungi, umezikwa sawasawa na sakafu. Bango ukutani lilieleza kwa Kiarabu kwamba hapa ni madbasa: vifurushi vya tende hurundikwa juu ya matuta mpaka darini, uzito wa vifurushi vyenyewe unazikamua, na asali inatiririka kwenye mifereji hadi mtungini. Mtalii mmoja aliniomba nisogee apige picha. Sikuweza kusogea.

Matuta kama yale nilikuwa nikiyakanyaga utotoni katika chumba cha nyuma cha nyumba yetu. Nilidhani ni sakafu iliyoharibika.

Mtu mwengine angempigia Bibi simu palepale. Mimi nilirudi Ibra nikasema sijahakikisha. Nikaenda kwenye nyumba yetu, ambayo dari yake imeshaanguka nusu, nikafagia udongo na kupiga picha. Mifereji ipo. Nikasema labda ngome ni kitu kimoja na nyumba ya mtu ni kitu kingine, nikaenda Al Kamil kumwuliza mzee mwenye mitende. Akaniangalia kama niliyemwuliza mlango ni wa nini. "Kila mwenye shamba alikuwa nayo," akasema. Bado nikasema nitafute mtu wa pili. Huku wifi yake Bibi ameshaacha kula. Naandika haya bila kujipamba: nilikuwa natafuta uhakika kwa sababu uhakika hauna sauti, na Bibi anayo.

Ami ndiye aliyenitoa kwenye woga huo. Alinikuta natazama picha zile kwa mara isiyo na idadi, akauliza ni nini, nikamweleza. Akakaa kitako. Kisha akasema, "Shangazi atakufa na wewe unakuza picha."

Nikamwendea Bibi baada ya sala ya alasiri. Nilimwonyesha picha ya Nizwa, kisha ya kwetu. Nilieleza vifurushi, uzito, matuta, mifereji. Alishika simu mbali na uso, akaileta karibu, akaipeleka mbali tena.

"Kwa hivyo mtungi ule si wa fedha."

"Si wa fedha, Bibi. Na ulikuwa mtupu kwa sababu watu walikula asali yao. Nyumba ilikuwa haina mtu."

"Basi wifi hakuiba."

"Hakuiba."

Nikangoja alie. Nilikuwa nimejitayarisha kwa kilio, hata vitambaa vya karatasi nimeviweka karibu. Yeye alikuwa anafikiri.

"Kama hakuiba," akasema, "fedha ya mzee ipo palepale."

Nikamweleza, pole pole, kwamba hadithi hiyo hiyo nimeisikia katika miji minne, mtungi ule ule, jini yule yule.

"Miji minne ina mitungi minne. Nipe buibui langu."

Tulizunguka mkunazi. Mlangoni Bibi alipiga hodi kwa Kiswahili, ingawa nyumba ile wajukuu wanasema Kiarabu tu. Ndani ikatoka sauti nyembamba.

"Nani?"

"Mie."

"Mie nani?"

"Mie wifi yako."

"Kwani nna wifi?"

"Unaye. Kachelewa."

Alikuwa amelala ubavu, mdogo kuliko nilivyomkumbuka. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuniangalia, macho yake kwa Bibi. Bibi hakukaa kwenye kiti alicholetewa. Alikaa kitandani, kwenye miguu ya mgonjwa.

"Mtungi ule ulikuwa wa asali," akasema.

"Nilikwambia."

"Ulinambia huku unacheka."

"Nilijicheka mwenyewe, we mwanamke! Mie nilipokuja hapa bibi harusi, natoka Unguja, sijui lolote, nikakiona kile chumba na lile shimo, nikadhani choo." Akapumua. "Na nikakitumia."

Bibi aliweka mkono mdomoni. Mabega yakaanza kumtikisika, na mgonjwa naye akacheka mpaka akakohoa, mjukuu akaja mbio na maji.

"Mama mkwe alisema nini?"

"Usinikumbushe. Mwaka ule hawakula asali."

Walipotulia Bibi akainama, akashusha sauti kana kwamba ukuta una masikio. "Sasa, wifi. Fedha ya mzee iko wapi?"

"Hamkuichukua nyie?"

"Sie?"

"Mlipojenga nyumba ya tofali nilisema, haya, washaipata, na mie hata moja hawakunigawia. Nikanyamaza kwa adabu."

"Nyumba ile kajenga mwanangu kwa mshahara wa jeshi!"

"Mie ningejuaje? Ulikuja ukaniambia?"

Hapo nilifungua mdomo. Nilitaka kuwaeleza kwamba hakuna aliyechukua kwa sababu huenda hakukuwa na cha kuchukua, na nilikuwa na rekodi za kuonyesha. Wifi yake Bibi akaniinulia kidole, akaendelea. Chini ya ngazi, alisema, pale ambapo mzee mwenyewe alikuwa akikataza watoto wasicheze. Bibi akasema hapana, ngazi ilijengwa upya. Itakuwa chini ya jiwe la kutwangia. Wakabishana. Mgonjwa aliomba mto mwengine ili aweze kubishana vizuri, na baadaye, bila ya mtu kumshawishi, akaomba uji.

Bibi ndiye aliyemlisha. Nilipomwambia kwamba jua limekuchwa na twende, hakugeuka. Aliniambia niende peke yangu, nimletee nguo ya kulalia na dawa zake za presha. Nikauliza atakaa siku ngapi, ili nijue dawa kiasi gani. Wote wawili wakanijibu kwa pamoja kwamba hilo halinihusu.