Kaka Aliyenishikia Utepe

Kaka yangu hajawahi kupenda kukimbia. Nalisema hili mapema kwa sababu mtaani kwetu wanamwita Mwanariadha, naye huitika na kucheka, na mimi nikisikia nachukia. Mwanariadha wapi! Kaka ni fundi makochi. Ukimpa nafasi ya kukaa atakaa, ukimpa nafasi ya kulala usimtafute. Mwanariadha ni mimi. Yeye alikimbia kwa sababu mimi siwezi kukimbia peke yangu, na siwezi kwa sababu ni kipofu. Sisemi sioni vizuri, sioni kabisa.

Macho yangu yalizimika nikiwa darasa la nne, baada ya homa kali. Kabla ya hapo nilikuwa nawaacha wavulana wote kiwanjani. Baada ya hapo nikaketishwa. Kaa hapa, usiguse hicho, subiri uletewe. Mama alikuwa analia hata nikienda chooni mwenyewe. Kaka alivumilia mambo hayo kwa muda, kisha siku moja akavua mkanda wake wa shule, akanishikisha ncha moja na kuniambia, "Haya, Jemedari, kimbia. Ukianguka tunaanguka wote." Tukaanguka wote kweli, na yeye akachubuka kuliko mimi. Kesho yake akaja tena na mkanda. Jina la Jemedari alinipa yeye kwa sababu napenda kuamrisha, na hakuna mwingine anayeniita hivyo.

Alipojifunza ufundi tukaachana na mkanda. Alikata utepe mnene, ule wa kuzungushia kingo za makochi, akaushona kitanzi huku na kitanzi huku. Mimi nashika kwa mkono wa kushoto, yeye kwa mkono wa kulia. Akaniambia ni mwekundu. Tumekimbia na utepe ule asubuhi zote za utu uzima wetu, kabla yeye hajafungua karakana na mimi sijaenda ofisini. Ukichakaa anashona mwingine, na kila mara ananiapia kwamba ni mwekundu uleule.

Kumwongoza kipofu mbioni ni kazi ya kutazama na kusema. Shimo. Ngazi. Gari linarudi nyuma. Kaka aliyasema hayo yote, na katikati akachomeka mengine ambayo hakuna aliyemuuliza. "Shimo kushoto. Muuza magazeti leo kavaa suti, sijui kaoa au kashtakiwa. Tuta hilo, inua mguu. Kulia kuna mbwa kalala, tumwache na usingizi wake. Mwenye duka la rangi kapaka tena mlango wake, Jemedari, safari hii zambarau, mtu huyu ana matatizo." Mimi kazi yangu ni kupokea simu katika ofisi ya maji, yaani natukanwa tangu nikae mpaka niondoke. Niliyaweza matusi yale kwa sababu kila siku nilikuwa nafika kazini nimeshauona mtaa mzima.

Ugonjwa wake ulinijia kwa utepe. Tulikuwa tunapanda kilima cha nyuma ya ghala, utepe ukaanza kutetemeka, na sauti yake ikakatika katikati ya neno. "Jemedari, ngoja kidogo." Akakaa chini ukingoni mwa barabara. Nikaweka kiganja kifuani kwake. Moyo ulikuwa unarukaruka ovyo, haraka, haraka, kisha kimya, kisha haraka tena. Nikapiga kelele mpaka watu wakatoka majumbani na nguo za kulalia. Yeye, na hali ile, alikuwa bado ananisimulia nani katoka na nini.

Hospitalini daktari alitueleza vizuri. Moyo una mahali pake pa kutolea amri ya kupiga, na wa Kaka ulikuwa umepata mahali pengine panapotoa amri za ovyo. "Kwa hiyo nina majemedari wawili," Kaka akasema. Daktari alicheka. Wifi yangu, mkewe, hakucheka, alikuwa ameshika mkono wangu na kucha zimeniingia. Walimpitishia waya mwembamba kwenye mshipa wa juu ya paja, ukaenda mpaka moyoni, wakapaunguza pale penye ukorofi. Alipotolewa alilalamika njaa, tukajua ni yeye.

Masharti yalikuwa mepesi. Asinyanyue makochi kwa muda. Atembee, baadaye atembee zaidi, kisha aanze kukimbia polepole. Daktari alimwambia kwamba miezi ya mwanzo moyo unaweza kushtuka mara mojamoja, ni kidonda cha ndani kinapona, asiogope. Ila akipata kizunguzungu, au kifua kikimuuma, au mapigo yakienda mbio bila kutulia, asimame na aje mara moja. Wifi alikariri maneno hayo kama anajiandaa kwa mtihani. Kaka akaanza kutembea uani, halafu mtaani, Wifi nyuma yake na chupa ya maji. Mimi sikukimbia siku zote hizo. Wifi aliniambia, "Si utafute mtu mwingine wa kukuongoza, wifi yangu? Mwenzio apone bila haraka." Nikamjibu vibaya. Nilikuwa nikimsubiri Kaka, basi.

Akaitwa kupimwa tena. Wakamvalisha kile kifaa cha kusikiliza moyo usiku na mchana, wakasoma, wakaridhika. "Moyo wako uko sawa," daktari akasema. "Rudi barabarani." Nilipiga vigelegele palepale kwenye benchi la kusubiria, muuguzi akaja mbio akidhani kuna aliyejifungua.

Asubuhi aliyokuja kunichukua nilikuwa nimevaa viatu tangu alfajiri. Nikaushika utepe, nikacheka mwenyewe. Tukaondoka polepole sana, kwa mwendo ambao zamani angeuita wa kwenda kulipa faini. Nikasubiri aanze kuongea.

"Shimo," akasema.

"Kushoto au kulia?"

"Ah. Kushoto."

Basi. Muuza magazeti tulimpita, nilimsikia anasalimia, Kaka hakuniambia kavaa nini. Duka la rangi tukalipita. Nikasikia hatua zake haziko sawa, upande mmoja mzito, kama mtu anayekimbia huku ameshika kofia.

"Kaka, mkono wako wa kushoto uko wapi?"

"Shingoni."

"Unafanya nini shingoni?"

"Nahakikisha."

"Unahakikisha nini, na daktari kasema uko sawa?"

"Daktari hakai humu ndani, Jemedari. Nakaa mimi."

Nikamwacha. Nilijua ni siku ya kwanza, na woga una haki yake. Siku ya pili ikawa hivyohivyo, na wiki iliyofuata. Nilikuwa namchokoza ili aongee. Mlango wa duka una rangi gani leo? "Uleule." Mbwa yupo? "Sijamwona." Kaka yangu, aliyekuwa akihesabu vifungo vya mashati ya wapita njia!

Kisha nikaanguka. Mafundi wa ofisi yangu mwenyewe walikuwa wamechimba mtaro kukata barabara, na kwa miaka yote ninayotukanwa kwa ajili yao hawajawahi kufukia kitu walichochimba. Mtaro ulikuwa wazi, na udongo umerundikwa kando. Mtu yeyote mwenye macho angeuona kutoka mbali. Kaka aliuruka, kwa sababu miguu yake iliuona. Mimi sikuambiwa. Nikaenda chini kifudifudi, jino la mbele likavunjika, goti likachanika, na utepe ukamtoka mkononi.

Sikulia. Nilikaa mle mtaroni natema udongo, nikisubiri aseme mzaha wowote. Nikasikia analia yeye. Sijawahi kumsikia Kaka akilia, hata tulipomzika Mama alikohoakohoa tu.

"Uligonga mara moja vibaya," akasema. "Moyo. Nikausikiliza kama utarudia. Nikakusahau, Jemedari. Uko hapa mkononi mwangu, nikakusahau."

"Jino tu hili. Nina mengine. Shika utepe twende."

Hakuushika. Alininyanyua, akaniweka mkono begani kwake, tukarudi nyumbani kwa kutembea, naye akisema kila kijiwe.

Nilimfuata karakanani baada ya goti kukauka. Nikapita kwenye harufu ya gundi, nikapapasa mpaka nikapata kochi lililokuwa bado halijavalishwa, nikakaa juu ya sponji. Alikuwa anagongelea kitambaa, misumari mdomoni, nikamsikia anaitema mmoja mmoja kiganjani ili azungumze nami.

"Nimekuja kupanga kesho," nikamwambia.

"Hakuna kesho. Nimezungumza na Mwalimu, jirani yako, yule dada anayekimbia. Kakubali kukuongoza. Utepe nimempelekea."

"Umempa utepe wangu?"

"Nimempa."

Nikamrukia kwa maneno ambayo hata wenye mabomba makavu hawajawahi kuniambia. Nikamwita mwoga. Nikamwambia nitaanguka naye mara mia na meno yaishe. Alisubiri nimalize. Wifi alikuwa anashona nyuma, na cherehani ikanyamaza.

"Sikiliza," Kaka akasema. "Kukuongoza ni kutazama njia na kukutazama wewe, basi, hakuna cha tatu. Mimi sasa kuna cha tatu. Najisikiliza. Nikila najisikiliza, nikishona najisikiliza. Moyo umepona, nakubali. Mimi ndiye sijapona. Na siwezi kukushika huku nimekuacha."

"Itaisha hiyo."

"Labda. Lakini si juu ya meno yako."

Nililala kifudifudi juu ya sponji ya kochi la watu nikalia mpaka ikalowa. Nilikuwa na mtu mmoja duniani aliyenipa mkanda nikimbie wakati wengine wote wananipa kiti, na sasa ndiye ananikabidhi kwa jirani. Wifi akaja akanikalia pembeni, akanipapasa mgongo, na hakusema mwache mwenzio apone.

Mwalimu ni mtu mwema, nisimsingizie. Hajawahi kuniangusha. Ila anaongoza kama anasomesha imla. "Shimo. Kushoto. Tuta. Ngazi mbili." Nikimuuliza muuza magazeti kavaa nini, anasema nguo. Nafika ofisini nimekimbia vizuri na sijaona kitu, na mtu wa kwanza akinitukana najibu.

Kaka nilikuwa namtembelea jioni. Tunazungumza, tunataniana, nikimuuliza mazoezi anasema anatembeatembea kidogo, Wifi anamsimamia. Mambo ya mbio hatukuyagusa tena.

Sasa juzi Mwalimu alikuwa na mitihani ya kusimamia, akaniomba tutoke mapema kuliko kawaida. Tukapanda kilima cha ghala kabla mtaa haujachangamka. Mwalimu akasema, "Mtu mbele. Anakimbia taratibu. Tutampita kulia."

Nilikuwa nimeshazisikia zile hatua. Wifi hakuwepo, ningesikia ndara zake. Alikuwa peke yake.

"Anaongea mwenyewe, maskini," Mwalimu akasema. "Na mkono wa kulia kaukunja hivi, kautoa pembeni, kama kashika kitu. Hajashika kitu."

Nikauvuta utepe, Mwalimu akapunguza mwendo. Upepo ulikuwa unakuja kwetu, nikasikia kila neno. "Shimo kushoto, pana, ruka. Haya. Mtaro wameufukia hatimaye, watu wa ofisini kwako wamepata aibu. Kulia mbwa, kalala. Mlango wa rangi leo, Jemedari, kijani, kijani gani hiki jamani, kama cha—"

Akanyamaza. Hatua zikasimama.

"Kaweka mkono shingoni," Mwalimu akaninong'oneza. "Tumsaidie?"

Nilitaka kumwita. Jina lilikuwa mdomoni. Lakini ningemwita angegeuka, angejua nimemsikia, na asubuhi zile angeziacha, namjua. Nikatikisa kichwa. Tukasimama tuli, na mimi nikaanza kuomba, mimi ambaye siombi, aseme tu ni kijani kama cha nini.

Hatua zikaanza tena, polepole. Zikapanda, zikafika kona ya ghala, zikapotea. Hakusema neno lingine.

"Jemedari ndiye nani?" Mwalimu akauliza.

Nikamwambia, ni mimi.