Nilimsingizia Mwanafunzi Aliyekatwa Vidole na Roboti Yetu

Mwenye kosa ni mimi. Si yule msichana, si mashine. Ni mimi, mwalimu wake! Nilinyamaza karibu miaka miwili hadi kifua kikajaa.

Nilikuwa nafundisha fizikia katika shule ya wasichana huku Homa Bay. Tulikuwa na klabu ya roboti, na mkali wao alikuwa Atieno wa kidato cha tatu, ambaye mama yake anauza omena, wale dagaa wa ziwani, kisiwani Rusinga. Roboti yetu ilikuwa ya kuokota mipira na kuirusha kikapuni. Atieno ndiye aliyeichora yote. Mota tuliitoa kwa waipa ya gari kuukuu, mnyororo wa baiskeli ukazungusha roli mbili za kumeza mpira.

Aliweka pia swichi nyekundu ya kuizima kwa dharura. Lakini waya wake ulikuwa umelegea, roboti ikawa inazimika ovyo katikati ya majaribio. Mashindano yalikuwa Migori, zimebaki siku mbili tu. Nikaukata ule waya, nikaunganisha umeme moja kwa moja bila kupitia swichi. Nilijiambia nitarekebisha baadaye. Sikumwambia mtu. Jamani, sikumwambia mtu!

Kesho yake mchana mpira ukakwama, roli zikasimama. Atieno akabonyeza swichi, akaingiza mkono. Mpira ulipotoka tu, mnyororo ukazunguka tena na kumvuta vidole. Kile kilio! Viwili vya mkono wa kulia havikuokolewa.

Kabla hajatoka hospitalini nilikuwa nimesharudisha waya mahali pake. Ndiyo, nilifanya hivyo!

Mwalimu mkuu alituita ofisini. Atieno alikuja na bandeji, mama yake kando.

"Nilibonyeza swichi, mwalimu," akasema.

"Nyathina hadanganyi," mama yake akasema. "Mtoto wangu namjua."

Nikajisikia nikijibu, "Hakubonyeza. Nilikuwa nimesimama pale pale."

Basi. Nani angemwamini mtoto mbele ya mwalimu? Klabu ikafungwa, na wenzake wakamlaumu kwa kukosa kwenda Migori. Muhula uliofuata akaacha fizikia. Siku moja akanifuata darasani.

"Mwalimu, nisamehe. Labda kweli sikubonyeza. Siku hizi hata mimi sijui."

Yaani aliniomba mimi msamaha! Na bado nikanyamaza!

Mwezi uliopita nilienda kwao Rusinga. Mama yake alikuwa anaanika omena. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama, maana hakunikaribisha kiti. Hakunitukana. Heri angenitukana!

"Miaka miwili mtoto wangu anajiita mwongo," akasema. "Hiyo utamrudishia kwa kitu gani?"

Atieno alikuwa mlangoni, amesikia.

"Kwa hivyo nilibonyeza?"

"Ulibonyeza, Atieno."

Akaingia ndani, akafunga mlango. Hajanisemesha tena, na sina haki ya kudai. Nimemwandikia mwalimu mkuu ukweli wote. Nimefutwa kazi, na nilistahili.

Wewe mwalimu, wewe fundi, wewe mzazi unayesoma hapa: ukikosea, sema siku hiyo hiyo, hata kama midomo inatetemeka. Usingoje! Mtoto atauamini uongo wako kuliko mkono wake mwenyewe, na siku utakapoenda kuukana, utaongea na mlango.