Pini Midomoni, Simu Begani

Fundi wa magauni ya harusi huongea na pini midomoni, na wateja wake wamezoea kugombezwa kwa maneno nusu nusu. Leo simu ameibana begani, muziki wa kusubiri unaingia dakika ya arobaini, naye anazunguka nao: mezani, dirishani, kwenye sanamu ya kuvishia magauni isiyo na kichwa, mezani tena. Jina la tovuti yake, lililomletea maharusi miaka tisa, kampuni ya kusajili majina imelizima jana kimakosa, na ikifika saa tisa litakuwa la yeyote atakayeliwahi. Kila muziki unapokatika anachomoa pini moja na kuichoma kwenye kimto alichofunga mkononi. “Atakayepokea nitampa vidonge vyake mpaka asahau njia ya kwao,” anaiahidi sanamu.

Hatimaye sauti ikatoka, changa kama ya mjukuu. “Shikamoo, mama. Tumekutumia namba ya uthibitisho kwenye barua pepe.”

“Barua pepe si iko kwenye jina hilo hilo mlilolizima? Umenifungia nyumba, ufunguo ukautupia ndani!”

“Pole, mama, mfumo ndivyo unavyotaka. Nitakuunganisha na wakubwa, ila kwanza nipe alama za huduma, moja mpaka tano.”

Pini zimeisha midomoni. Mdomo uko huru kabisa na matusi yamepanga foleni. Saa ya ukutani inasema nane na nusu. Akabonyeza tano, polepole, kama anayemfunga bibi harusi kifungo cha mwisho.

“Asante, baba,” akasema, na muziki ukaanza upya.