Wanaohesabiwa ni Mbuzi

Kwa miaka kumi na moja Mwongeli alikuwa akiandikisha wagonjwa katika zahanati moja ya Dagoretti, karibu na kichinjio, na hakuwahi kuacha kisanduku cha fomu kitupu.

Jumanne hiyo aliingia Nanyama, mama mjamzito wa Kimaasai ambaye mumewe alikuwa ameleta ng'ombe wa kuuza. Leso yake ilikuwa imelowa damu.

"Umezaa mara ngapi, mama?" Mwongeli aliuliza.

Mama akageuza uso.

"Wangapi wamefariki? Majina yao?"

Nanyama alimtazama kama mtu aliyetukanwa. Akainuka, akashika ukuta, akaanza kuelekea mlangoni. Matone ya damu yakamfuata sakafuni.

"Usimwache aende!" Daktari Kibe alipaza sauti kutoka chumba chake kilichokuwa wazi. "Na umuulize kama alishawahi kuvuja damu hivi!"

Hapo Mwongeli akamkumbuka nyanya yake kule Kitui, aliyempiga kofi siku alipowahesabu ndugu zake kwa kidole. "Wanaohesabiwa ni mbuzi!" Akaitupa kalamu, akamkimbilia Nanyama.

"Nisamehe, mama. Nyumbani umeacha nani?"

Nanyama akasimama. "Nimeacha anayechunga ndama. Nimeacha anayembeba mdogo wake. Na huyo anayebebwa."

"Kuna waliokuja wakarudi?"

Akainamisha kichwa. "Wako. Wa mwisho alirudi na damu, kama hii."

Mwongeli akamshika mkono, akamwingiza kwa daktari. Alasiri gari la wagonjwa lilimfikisha hospitali kubwa, na huko mtoto akazaliwa, mdogo mno, lakini analia.

Ijumaa Mwongeli aliitwa ofisi kuu, katikati ya jiji. Debra, msimamizi wa rekodi, alimsukumia ile fomu.

"Hii fomu iko na mashimo. Mtu wa miaka mingi kama wewe, nini ilikushika?"

"Madam, hiyo fomu ilikuwa inamfukuza." Akaeleza yote.

"Kompyuta haijui mila, Mwongeli."

"Ndio maana mimi niko pale."

Debra akampa karatasi. "Andika vile ulimuuliza. Fomu mpya zinachapishwa Jumatatu."

Mwongeli aliandika mistari miwili, akaikata. "Hapana. Mimi ni Mkamba, nilibahatisha tu. Tuwaite kwanza akina mama wa Kimaasai wenyewe."

"Nimekwambia ni Jumatatu!"

"Basi zisichapishwe."

Karo ya watoto wa Mwongeli ilitegemea kazi hii. Debra alimkazia macho, kisha akainua simu na kuwaambia wachapishaji wangoje mwezi mmoja. Alipoiweka chini alimwandikia Mwongeli barua ya onyo kwa visanduku vile vitupu, akamkabidhi.

Nanyama alipopata nguvu alikuja zahanati na akina mama wenzake wanne kutunga maswali ya fomu. Siku ya kwanza walibishana hadi saa kumi juu ya swali moja tu: ni nani anayefaa kuwa chumbani mama anapoulizwa habari za wanawe. Hawakuafikiana. Wakasema watarudi Alhamisi.